Gari la Waya Lililotoka Mahameni

Katika vijiji vyetu vya bonde la Kilombero iko kazi moja ya watoto ambayo sijapata kuiona imeandikwa katika gazeti letu la shule, nayo ni kazi ya kuvuta sumaku. Wenzetu wanaotoka mijini huenda wasiielewe nikiitaja tu, basi nitaieleza. Mtoto hutafuta spika ya redio iliyokufa, huivunja, huitoa ile sumaku ya duara yenye tundu katikati, hupitisha kamba katika tundu, kisha huenda akiiburuta nyuma yake njiani, majalalani na mashambani, kama mtu aliyetoka na mbwa wake. Sumaku hupita ikizoa misumari, vipande vya majembe, pingili za mnyororo wa baiskeli, spoku na vumbi jeusi la chuma. Ikishaota manyoya pande zote, mtoto huchutama, huyapukutisha ndani ya kiroba, huendelea na safari. Jioni kiroba hupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye hukitundika katika mizani. Nilipokuwa nyumbani kwa likizo ya Juni 2025, kilo moja huko kwetu ilikuwa shilingi 500, na mtoto mwenye bidii aliweza kupata kilo mbili kwa siku. Kilo mbili ni madaftari mawili, au kalamu na sabuni, na wengi wanaovuta sumaku hununua vitu hivyo hivyo.

Kila kazi ina siri yake. Siri ya kazi hii ni kujua mahame yalipo. Zamani watu wengi wa bonde hawakukaa pamoja kama tukaavyo sasa. Kila ukoo ulikuwa na makao yake kwenye kinyanyuko cha ardhi, mahali maji ya masika yasipofika kwa urahisi, karibu na mashamba ya mpunga. Kisha katika miaka ya 1973 hadi 1976 Serikali iliwahamisha watu wengi nchini wakakae katika vijiji vya pamoja, na makao yale yakabaki mahame. Nyumba ya miti na udongo haiachi kitu; masika matatu manne yakipita, ukuta umerudi kuwa ardhi. Kinachobaki ni miembe. Ukiona miembe mitatu minene imesimama katikati ya shamba, wala hakuna nyumba karibu, ujue kwamba hapo watu walizaliwa, walipika, waligombana, na watoto walicheza kivulini mwake. Hapo ndipo watoto wa sumaku wanapokwenda, hasa baada ya mafuriko, kwa sababu maji huondoa udongo wa juu na kuviacha vyuma vikichungulia. Mafuriko ya masika ya 2024 yaliyotutesa sana yaliwapa watoto hao kazi ya mwaka mzima.

Watu wazima nao wana sumaku yao, nayo huitwa detekta. Nchini mwetu hutumiwa zaidi na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tofauti ya vyombo hivi viwili twaijua sisi wa kidato cha nne, kwa maana imo katika somo letu la Fizikia, ambalo twalisoma kwa Kiingereza, nami najaribu kulieleza hapa kwa lugha ambayo bibi yangu ataielewa atakaposomewa. Sumaku hushika chuma na ndugu zake wachache tu, kama nikeli. Shaba, alumini, risasi na dhahabu haivijali hata kidogo. Detekta haivuti kitu. Ndani ya sahani yake mna koili ya waya ambamo mkondo wa umeme hupita ukigeukageuka, na uga sumaku utokao katika koili ukikuta metali ya namna yoyote ardhini, huamsha ndani ya metali hiyo mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, chombo huusikia, nacho hulia. Kwa hiyo detekta huligundua kopo la alumini sawasawa na pete ya dhahabu, wala haimwambii mtu ni kipi kati ya hivyo viwili mpaka achimbe.

Chombo hiki hakikuanza kwa kutafuta mali. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi ilikojificha mwilini. Alexander Graham Bell, yule aliyepata hati ya simu mwaka 1876, akaletwa na chombo chake cha koili, akakipitisha juu ya mgonjwa. Kikatoa sauti za kutatanisha, na baadaye ikadhaniwa kwamba vilivyokisumbua ni vyuma vya kitanda alicholalia mgonjwa. Risasi haikuonekana, na Rais akafa mwezi wa Septemba.

Huku kwetu wako watu wanaozunguka na detekta wakitafuta kile wanachokiita mali ya Mjerumani. Wawili wa namna hiyo walimjia bibi yangu wakaomba kupima shamba, wakasema wanatafuta rupia za dhahabu. Rupia hizo si hadithi ya kubuni. Mwaka 1916, meli za kuleta fedha zikiwa zimezuiwa na vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora katika karakana ya reli, zenye picha ya tembo. Tena ni kweli kwamba majeshi yao yalikaa Mahenge, juu ya bonde letu, mpaka Wabelgiji walipouingia mji ule Oktoba 1917. Lakini kutoka hapo hata kusema kwamba kila mwembe una dhahabu chini yake ni safari ndefu. Watu wale walichimba mashimo saba, wakapata jembe lililokatika, vizibo na msumari mmoja mrefu, wakaenda zao bila kufukia. Isitoshe, kuchimba vitu vya kale bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Bibi hakuijua sheria hiyo, bali aliyajua mashimo, akatuagiza tuyafukie asije ng'ombe akavunjika mguu.

Mimi sikukusudia kuandika habari za dhahabu. Nakusudia kuandika habari za vichezeo, na wasomaji wenzangu wasicheke, kwa maana huko ng'ambo watu wazima huviandika katika vitabu vikubwa. Uingereza wapo wengi wanaokwenda mashambani na detekta siku za mapumziko, na katika vitu wanavyovipata mna askari wadogo wa risasi na vigari vya watoto, kama vile vya Dinky Toys, ambavyo kampuni ya Frank Hornby wa Liverpool ilianza kuviuza kwa jina hilo mwaka 1934, au vile vya Matchbox vilivyoanza mwaka 1953. Katika matope ya mto Thames, mjini London, vimeokotwa vichezeo vya kale zaidi. Kimoja ni askari aliyepanda farasi, wa mchanganyiko wa bati na risasi, anayekadiriwa kuwa wa mwaka 1300 hivi. Kabla ya hapo walikuwako mabingwa waliodhani kwamba watoto wa zama zile walihesabiwa kama watu wazima wadogo, wala hawakupewa vitu vyao vya kuchezea. Yule askari wa matopeni aliwanyamazisha baadhi yao.

Lakini vyote hivyo vilitengenezwa na mafundi ili viuzwe, na vigari vya kiwandani huwa na jina la kampuni chini ya tumbo. Vichezeo vya chuma vilivyomo katika ardhi yetu havikuuzwa na mtu yeyote. Mwenye kukitengeneza ndiye aliyekichezea. Havina jina wala mwaka, na asiyeishi karibu na fundi wake hawezi kuvisoma. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye haoni gari. Anaona gramu mia mbili za waya. Na wazee wanaoweza kuvisoma wanapungua kila mwaka, huku viroba vikiongezeka.

Wale waliokwisha kutengeneza gari la waya na waniwie radhi, lakini nitaeleza kwa ajili ya wadogo zetu ambao sasa hununuliwa la plastiki. Fremu hukunjwa kwa waya mnene, jiwe likiwa nyundo na jiwe jingine likiwa fuawe. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Bodi ni bati la kopo la mafuta ya kupikia, lililopasuliwa kwa kisu na kunyooshwa taratibu, na kabla hujalishika lazima ukunje kingo zake, la sivyo litakukata vidole. Magurudumu ni vizibo, au duara za ndala iliyochakaa zilizokatwa kwa wembe. Kisha huunganishwa na tete refu lenye usukani wa waya juu yake, ili dereva akimbie wima nyuma ya gari na kukata kona apendavyo. Fundi hodari huweka na springi za mpira wa tyubu. Jambo ninalotaka mlishike ni hili, kwamba mtoto hutengeneza gari analoliona. Siku hizi kijijini utaona bajaji, pikipiki na trekta. Ukipata gari la zamani umepata na habari za barabara ya siku zile.

Basi nilipokuwa nyumbani likizo ile, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, mwenye umri wa miaka 10, alipeleka sumaku yake katika mahame ya bibi yetu mzaa mama. Mahame hayo yako kando ya reli, si mbali sana na mji wa Ifakara, nayo sasa ni shamba la mahindi. Mimi nilikuwa nikipalilia. Nikasikia ananiita kwamba sumaku imeng'ang'ania chini ya mzizi wa mwembe wala haitoki. Tulichokoa kwa ncha ya panga, na kikatoka kitu kama kiota cha ndege kilichoshonwa kwa kutu.

Mdogo wangu alikuwa tayari kukitia katika kiroba. Alipokikung'uta yakaanguka magurudumu manne, meupe, yamefifia tu, hayana kutu hata chembe. Sumaku ilikuwa imeshika ekseli za spoku. Magurudumu yenyewe haikuyajali. Akayaokota akayapima mkononi, akaniambia, "Kaka, hii ni alumini. Ina bei kuliko chuma." Na alisema kweli. Nilimwomba tuyapeleke kwanza kwa bibi tukayaoshe, akakubali kwa shingo upande, maana mnunuzi hufunga mapema.

Nieleze kwanza gari lenyewe lilivyokuwa, kwa maana fundi wake anastahili. Bati la bodi lilikuwa limeliwa lote, lakini fremu ya waya ilikuwa imara. Lilikuwa lori, si gari dogo. Nyuma ya kichwa palikuwa na fremu ya pili, iliyokaa juu ya ile ya kwanza na kushikwa kwa spoku moja tu upande wa mwisho, na tulipoitia mafuta ya taa na kungoja, iliinuka. Lilikuwa tipa! Mtoto gani wa kijijini kwetu, kabla ya kuhamia vijijini, aliliona tipa likimwaga kifusi mpaka akajua bawaba yake inakaa wapi? Jibu linapita karibu na shamba lile. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976. Wachina na Watanzania waliijenga kwa tuta juu ya ardhi hii yetu ya majimaji, na tuta ni kifusi, na kifusi huletwa na malori.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Aliyachukua magurudumu akayasugua kwa majivu, moja baada ya moja, bila haraka, akituuliza kama tumekula. La tatu alipoligeuza akaacha kusugua. Karibu na ukingo palikuwa na vidoto vitatu vilivyopigwa kwa msumari, vimepangwa kama mafiga.

Wazazi watakaosoma haya hawahitaji kuelezwa. Penye harusi au msiba vyombo vya nyumba nyingi huchanganyika, kwa hiyo kila mwanamke huweka alama yake, huyu rangi, huyu mkwaruzo. Alama ya bibi yangu ni vidoto vitatu. Viko katika masufuria yake mpaka leo.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Mahameni, bibi. Chini ya mwembe, upande wa kisima."

Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia mdogo wangu, "Nenda kamwite bibi yenu wa ng'ambo ya reli. Mwambie wifi yake anamwita. Asipotaka kuja, mwambie nimeuona mfuniko."

Wakati tulipokuwa tukingoja ndipo aliponieleza, na haya nayaandika kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba nisitaje majina. Mwaka 1971, malori ya reli yalipokuwa yakipita, mtoto wake wa kwanza alikuwa na miaka 7. Huyo angekuwa mjomba wangu mkubwa. Kila siku alikimbilia barabarani kutazama malori, na jioni alikuwa akinguruma kama injini hata wakati wa kula. Msimu ule wifi yake bibi, yaani dada wa babu, alikuwa amekuja kukaa nao kusaidia kuvuna mpunga. Siku moja mfuniko wa sufuria kubwa ukapotea. Ulikuwa wa alumini, mpya, ulionunuliwa kwa fedha za mpunga wa mwaka uliopita, na katika nyumba ile hakikuwamo chombo kingine cha kujivunia. Nyumba ilikuwa na wanawake wawili tu. Bibi alisema neno, wifi naye akajibu, na maneno yakafika kwa wazee. Wifi aliapa kwamba hakuuchukua. Wazee, ili kuyamaliza, wakamwambia atoe kuku. Akatoa mtetea aliyepewa na mama yake, akafunga mzigo wake, akaondoka kabla mpunga haujaisha shambani.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto alikuwa palepale, anasikiliza," bibi akasema. "Nadhani aliona maneno yamekuwa ya wakubwa, akaogopa, akalifukia gari lake. Hata kunguruma akaacha. Mimi nikafikiri amekua."

Mwaka 1973 mtoto yule alikufa kwa surua. Mpango wa chanjo kwa watoto wote nchini ulianza mwaka 1975. Wifi alifika mazikoni, akakaa nje, akaondoka jioni. Tangu hapo wakionana husalimiana, huulizana habari za wajukuu, lakini kwa miaka zaidi ya 50 hakuna aliyekula chakula nyumbani kwa mwenzake. Sisi wajukuu tulikuwa tukiambiwa kwamba bibi wa ng'ambo ya reli ana miguu mibovu, ndiyo maana haji. Nami nakumbuka nilimwona mara nyingi akitembea mpaka sokoni.

Alikuja jua likiwa limetua, amefuatana na mdogo wangu, ameshika fimbo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa mkekani. Bibi hakumpigia maneno. Alimsogezea ungo uliokuwa na magurudumu manne na ile fremu. Macho ya bibi wa ng'ambo hayaoni vizuri tena, kwa hiyo aliyasoma kwa vidole. Dole gumba lilipofika penye vidoto vitatu likasimama.

"Alikata kwa nini?" akauliza.

"Kwa patasi ya baba yake, bila shaka. Tazama ukingo."

"Ameukata vizuri," akasema. Akaligusa lile tipa, akaliinua, akalishusha, akaliinua tena. "Mtoto alikuwa fundi, wifi."

Hapo bibi yangu akalia, na mwenzake akamshika mkono, wala hawakusema kitu mpaka taa ikawashwa. Mimi na mdogo wangu hatukujua kama yafaa tuondoke au tukae. Kisha tukamsikia bibi wa ng'ambo akisema kwa sauti kavu kabisa, "Sasa, kuku wangu?"

"Kuku wako yupo."

Wakaanza kucheka, wakacheka hata wakakohoa, na bibi akaniagiza nilete chakula. Wali ulikuwa na samaki wa mtoni. Wakala sahani moja.

Gari halikwenda katika mizani. Bibi alimlipa mdogo wangu shilingi 1,000, ambayo ni zaidi ya bei ya mnunuzi, naye akaridhika. Gurudumu lenye vidoto liko ndani ya sanduku la bibi. Mengine matatu na fremu ninayo hapa shuleni, katika droo ya kabati ambayo mwalimu wetu wa Historia ameniruhusu kuitumia. Mpaka sasa mna vitu vitatu tu: tipa hilo, pia ya kuchezea iliyochongwa ikatiwa ncha ya msumari, na bastola ya spoku ambayo wadogo zetu huitilia baruti ya kiberiti siku za sikukuu, nayo mwalimu ameiondoa njiti yake kwa usalama. Wazazi wenye watoto wa sumaku nawaomba wavitazame viroba kabla havijapimwa. Wakiona kitu chenye ekseli, wamwonyeshe kwanza mtu mzee kuliko wote nyumbani.

Asubuhi iliyofuata mimi na mdogo wangu tulitumwa ng'ambo ya reli na mtetea mmoja mwekundu, amefungwa miguu. Bibi wa ng'ambo alimpokea, akampapasa kifua, akamfungua kamba, akamtazama akidonoa. Akatuambia tumpelekee wifi yake salamu nyingi, tena tumwambie kwamba kuku wa mwaka 1971 alikuwa karibu kutaga, na mpaka leo angekuwa na vitukuu.

Tukarudi kumchukua jogoo.